Vitunguu Vilikuwa Vyangu

Ruiri,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya huko Kanyakine imekuonea huruma. Sisi huku tuko salama. Baba Kendi bado anahangaika na ng'ombe wake sokoni, Kendi anazidi kurefuka hadi sketi zake zote nimezifumua pindo, nami niko na cherehani yangu kama kawaida. Mvua imetukataa, lakini maharagwe hayajakufa.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu yako wewe huiweka spika, na yeyote aliye jikoni hujibu kabla yako. Haya si ya majirani. Yasome mwenyewe ukiwa umekaa, kwa sababu kuna kitu nitakuomba mwishoni, na usiponipa sijui kama nitaweza kukanyaga huko nyumbani tena.

Ijumaa tuliitwa shuleni kwa kina Kendi. Mwalimu Mwaniki, anayewafundisha Gredi ya Sita, ni kijana mwenye bidii. Alisema watoto wasingoje kumaliza shule ndipo waanze kuulizana watafanya nini na maisha yao, kwa hivyo akaomba wazazi waje waeleze kazi zao. Fundi wa pikipiki alifungua injini mbele ya darasa, wavulana nusura waingie ndani. Mimi nilibeba cherehani ndogo nikawashonea kifuko cha kalamu wakitazama, wakanipigia makofi. Nilifurahi, sitakuficha.

Mgeni wa heshima alikuwa Karwirwa wa baba mkubwa Kaburu. Na ni mimi niliyempendekeza, kwa mdomo wangu huu! Nilimwambia Mwalimu kwamba nina dada ambaye ni nesi huko Meru mjini, na kwamba sote wawili tulipewa jina la nyanya, Gladwell Karwirwa Riungu, lote zima, tukasoma darasa moja na kufanya mtihani wa kidato cha nne pamoja. Nikamwambia yeye alipita, mimi nikafeli. Nilisema hivyo nikicheka, jinsi nilivyozoea. Mimi huwatangulia watu kujicheka, wasije wakanicheka wao.

Kabla mgeni hajaongea, watoto walisimama mmoja mmoja kusema wanataka kuwa nani. Huyu rubani, yule mwanajeshi, mwingine ati mwenye supamaketi. Zamu ya Kendi ilipofika, akasema atakuwa fundi wa nguo kama mama. Mwalimu akamuuliza kwa upole kama hajawahi kufikiria kazi nyingine, maana kwenye hesabu yeye ndiye anayeongoza darasa. Mtoto akajibu kwamba mama amemwambia vichwa vya kwetu havishiki masomo ya juu. Watu wakacheka. Nikacheka nao, lakini nikainamia cherehani yangu, kwa sababu ni kweli nimemwambia hivyo mara nyingi. Nilitaka asije akaumia kama nilivyoumia mimi.

Kisha Karwirwa akasimama. Wacha tu, alipendeza! Sare nyeupe, saa imening'inia kifuani, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Msichana mmoja akamuuliza ni somo gani alilolipita zaidi. Akasema Kilimo, alipata A. Angeishia hapo, lakini alikuwa ameshapendwa na akataka kupendwa zaidi. Akawaeleza jinsi alivyopanda vitunguu vya mtihani kando ya ua wa shule, mbuzi wakaingia wakavikanyaga, naye akavipanda upya huku mvua ikimnyeshea, mpaka mwalimu aliyekuja kutoa alama akavisifu mbele ya wote.

Mama, Karwirwa hakufanya Kilimo. Alifanya Biashara. Kilimo alikuwa akikiita somo la kuchafua viatu. Vitunguu vilikuwa vyangu. Mbuzi walikuwa wa mlinzi wa shule, na mvua ile ilininyeshea mimi, hadi nikarudi nyumbani na homa ukanikorogea uji.

Watoto walipokuwa wanapewa chai, nilimvuta nyuma ya jiko la shule nikamuuliza hiyo A ya Kilimo aliitoa wapi. Kwanza akaniambia ati alikuwa anawachangamsha watoto tu. Nikamwambia sawa, turudi ndani nimuulize mbele ya wazazi. Hapo akanishika mkono. Akanisihi nisimharibie kazi. Akasema B plus aliyoendea chuo ilikuwa yangu, na ile D tuliyoililia ilikuwa yake. Baba yake ndiye aliyepanga, maana majina ni yale yale na pale ofisini hakuna aliyejali ni Karwirwa yupi. Nikamwita mwizi. Akafuta machozi, akasema nisimlaumu peke yake, kwa sababu shule ilimkabidhi cheti mzazi tu, na mzazi wangu alikuja, akakipokea, akampa baba mkubwa papo hapo, uwanjani.

Kumbe ni wewe, Mama.

Sasa naelewa kwa nini wiki ile ya matokeo ulinituma huku Ruiri kumsaidia shangazi kuvuna. Nilidhani ni bahati mbaya tu kwamba nilikosekana. Cheti chenyewe sijawahi kukiona. Ulisema umekiweka sandukuni, nami cheti cha D ningekitazamia nini? Fundi wa nguo haulizwi cheti.

Karwirwa anasema baba mkubwa alikutisha. Ati kwa kuwa baba alikuwa amefariki, ukikataa ungefungasha vitu vyako, uchukue watoto wako urudi kwa watu wenu Embu. Naamini. Namjua baba mkubwa, na najua mjane asiye na shamba anavyotazamwa. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, Mama. Ungeniita ukaniambia. Pengine ningekataa, pengine ningekupa hiyo B plus kwa mikono yangu miwili ili mdogo wangu Kiunga na wadogo zake wasilale nje. Ningejua nimetoa. Ulijua nilitaka kuwa afisa wa kilimo, na bado ukaniacha nijione mjinga maisha yangu yote.

Hata hayo ningejaribu kuyameza. Kuna moja tu linalonikwama. Jioni niliyorudi kutoka kwa shangazi, ulikuwa unamenya ndizi. Uliponiambia nimefeli ukaangua kilio, na mimi nikapiga magoti pale kwenye jivu, nikashika leso yako, nikakuomba msamaha kwa kukuaibisha. Ukaniwekea mkono kichwani ukasema umenisamehe. Haki ya Mungu, Mama, uliwezaje? Ulinisamehe!

Karwirwa sijui nitamfanya nini, na sitaki mtu aniharakishe. Ombi langu ni hili. Jumamosi uje Ruiri. Umkalishe Kendi, umwambie kwa mdomo wako kwamba mama yake alipita, na kwamba aliyesema alifeli ni wewe. Mimi nikimwambia atadhani nataka kujisifu, au ataniona nimechanganyikiwa, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha huo uongo nikiamini ni ukweli. Jumatatu itakayofuata Mwalimu Mwaniki atawauliza tena, maana alisema waende wakafikirie vizuri. Sitaki mtoto wangu asimame pale na D ya mtu mwingine kichwani.

Sitakupigia simu kukukumbusha. Nitapika na kungoja. Usipokuja, nitakuwa nimepata jibu.

Msalimie Kiunga na wadogo zake, na kina mama wa kanisa, na yeyote atakayeniulizia. Baba mkubwa Kaburu usimsalimie.

Ni mimi binti yako,
Gladwell Karwirwa