Bado Hajameza

Jumanne, 4 Machi 2025

Siku ya kumi na saba tangu mume wangu Kipkemei apinduke na lori la viazi kwenye mteremko wa Mau Narok. Leo amefungua macho yote mawili. Juzi lilikuwa moja. Anakula kwa mpira wa puani, kwa sababu koo halijakumbuka kazi yake. Hata tone la maji likipotea njia linaingia mapafuni. Wamebandika karatasi juu ya kitanda: ASIPEWE KITU MDOMONI. Herufi kubwa, lugha mbili. Mtu angedhani inatosha.

Kina mama wa kanisa walikuja saa saba, kumi na mmoja kwa kadi mbili za wageni. Milcah, mwenyekiti wao, aliomba dakika ishirini na mbili. Nilitazama saa. Alimtajia Mungu jina la wodi na namba ya kitanda, kama anayetuma mzigo. Kisha wakapiga picha!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia afinye kidole changu. Amefinya. Mara mbili!

Mama mkwe amefika kutoka Olenguruone na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa, kimefunikwa leso kama mtoto mchanga. Mbona kijana yake amekonda, ninamlisha nini? Nikamwonyesha mpira.

"Hata ng'ombe haikunywangi na pua," akasema. Kitanda cha tatu wakacheka. Nikamsomea karatasi. Akasema alimlea huyu kabla hiyo karatasi haijazaliwa.

Jumapili, 9 Machi

Nilitoka dakika kumi kununua pampasi. Kurudi — Kipkemei amegeuka rangi, sista Abby anamnyonya koo kwa mashine, maziwa yenye weusi wa mkaa yanamtiririka shingoni. Mama amesimama na kifuniko cha kibuyu mkononi.

"Nilimpea tu kidogo. Alifungua mdomo mwenyewe."

Alifungua mdomo! Hata samaki hufungua mdomo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimonia. Homa 39.4. Kidole hakifinyi.

Nimempa mlinzi wa wodi jina la huyo mama, na picha. Asiingie. Shemeji Kiprugut alipiga simu: "Shemeji, lakini huyo ni mathe." Nikamwambia mathe wao alikuwa anamzamisha mtoto wake kwenye maziwa. Akakata.

Alhamisi, 13 Machi

Homa 38.1. Kiprugut amemrudisha Mama Olenguruone. Heri. Sasa kazi itaendeshwa na watu wanaojua kusoma.

Jumanne, 18 Machi

Homa imeisha. Kidole kimerudi. Daktari anasema Alhamisi atajaribiwa kumeza. Akishindwa, watamtoboa tumbo waweke mpira hapo, na huenda ukakaa miezi. Hatashindwa. Nimefuata kila kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne asubuhi. Kijiko kimoja cha maji yaliyofanywa mazito. Kamande, mtaalamu wa kumeza, anaongea na wagonjwa kama mtangazaji wa redio: "Haya boss, fungua geti!" Boss hakufungua. Abby akajaribu. Midomo imebanwa kabisa.

Kisha mimi. Miaka kumi na minne ya kumpikia. Nikasema, fungua, Baba Jebet. Akanitazama. Alinijua! Naapa alinijua. Akageuza uso ukutani.

Kamande anasema hilo si koo tena, ni uoga. Siku ile alisakamwa akaona kifo. Kuna mtu anaweza kumtuliza? Mama yake, kwa mfano, hayuko?

Abby akawa na shughuli ghafla na shuka.

Nikasema Mama anaishi mbali. Kamande akauliza wapi. Nikasema Olenguruone. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa Naivasha ya hapo jirani iko ng'ambo. Watajaribu tena kesho saa nne, mara ya mwisho, ndipo daktari aamue kuhusu tumbo.

Saa nane mchana. Nimesimama kwenye korido. Nimempigia mara tatu, hashiki. Nilikuwa nimeandika la kusema: sentensi nne, hakuna msamaha ndani yake. Ya nne ameshika. Nikasema tu, "Mama."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Mama Jebet."

Kuku wanalia nyuma yake.

"Ule wa mlinzi?"

Nikasema ndiyo, Mama. Ule wa mlinzi. Kesho kabla ya saa nne, tafadhali.

Hajakata. Naandika simu ikiwa imebanwa begani. Namsikia akimwambia mtu azime redio.