Mwanga Tuliouzika na Ndizi

Jumanne, 8 Julai 1947
Nimepeleka maziwa kambini Tengeru, kama kila asubuhi. Baridi kali, mlima hauonekani. Mwalimu Kazimiri, yule Mpolandi anayefundisha hesabu watoto wa wakimbizi, hata hakuyatazama maziwa. Ana kasha refu la mbao, anatafuta mahali penye giza tupu, pasipotikisika. Nimemwambia mimi ninapo. Mimi sikosi kitu.

Ndani ya kasha, mwanzoni, kuna mshale wa saa ya askari, ule unaong'aa gizani. Katikati, kioo kilichopakwa masizi, na nyufa mbili nyembamba zimechanwa kwa wembe. Mwisho kabisa, kioo cha kupigia picha, kinachoshika alama ya mwanga. Hicho ni kimoja tu. Fundi picha wa mjini hajui vingine vitakuja lini.

Mwanga wenyewe ni hafifu. Mwalimu anasema unatoka punje moja moja, kama mtu anayedondosha mahindi. Mimi nikasema, basi kila punje itapita ufa wake, kioo kitaonyesha madoa mawili. Akasema la, itatokea mistari. Na ukiweka mlinzi wa kuangalia punje imepita ufa upi, mistari inapotea.

Darasa la nne nililimaliza, la tano likanimaliza mimi. Lakini hili nimelishika upesi. Ni baba akitoka kanisani. Asipoulizwa, amepita njia ya mtoni na ya kilabuni pia. Mama akisimama mlangoni, amepita moja tu.

Jumatano, 9 Julai
Tumelifukia kasha. Shimo la bibi la kuivishia ndizi, za pombe ya harusi ya kaka. Majani makavu ya migomba, ndizi, kasha pembeni ndani ya turubai, majani tena, udongo juu. Bibi alikubali kwa sababu Mwalimu alimwamkia shikamoo vizuri kuliko mimi.

Sokoni nimewatangazia wote, kama Mwalimu alivyonieleza, kwamba mwanga ukikutana na mwanga unaweza kuzaa giza. Wamecheka wote, mpaka wauza mbege, ile pombe ya ndizi. Binamu yangu Ndewario ameniita Mzika Taa.

Ijumaa, 11 Julai
Baba amesikia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Amesema kioo kikitoka bila kitu, Jumatatu ya tarehe 21 napanda lori la shamba la mzungu. Kuchuma kahawa, kulala huko huko hadi msimu uishe. Kikitoka na kitu ambacho yeye mwenyewe anakiona, nitakwenda kusoma kwa Mwalimu, kama Mwalimu alivyoomba.

Naogopa. Basi.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kwaya. Nilichukua jembe nifukue kidogo tu, nione kasha liko salama. Bibi akatokea na mwiko.

"Shimo la ndizi halichunguliwi, we mwana. Baridi ikiingia zinabaki mawe."

Mwiko mgongoni. Sasa nina walimu wawili wanaokataza kuchungulia, na mmoja anapiga.

Alhamisi, 17 Julai
Siku mbaya. Ng'ombe wa Ndewario kaingia mgombani, kakanyaga juu ya shimo. Miguu yote minne. Kasha likisogea hata unene wa unywele, mistari inachafuka.

Ndewario akasema, "Umekatazwa kuchungulia, amekwenda kuchungulia kwa niaba yako."

Nimemkimbilia Mwalimu. Akasema tuache, tusiguse. Sikula. Nimeziona ndoto za lori nikiwa macho.

Ijumaa, 18 Julai
TUMESHINDA.

Bibi kafungua shimo, ndizi njano tupu, akapiga vigelegele. Mwalimu akajifungia stoo, taa imefunikwa kitambaa chekundu, akakisafisha kioo kwa dawa ya picha kwenye bakuli za bibi. Mimi ndiye niliyeshika bakuli. Mwanzo hakuna kitu. Halafu mstari. Halafu mwingine. Mweusi, mweupe, mweusi, imesimama sambamba kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Hafifu, lakini mistari; majani na ndizi vilimeza kishindo cha ng'ombe. Punje moja moja, na kila moja ilijua pa kwenda.

Mwalimu alikaa juu ya mkungu wa ndizi, ukapondeka, na mwiko wa bibi haukunyanyuka. Machozi yalikuwa yanamtoka Mwalimu. Alisema chuoni kwao kabla ya vita hawakuwahi kupata mahali patulivu hivi.

Nimezunguka na kioo kijiji kizima. Ndewario akasema ni kucha za paka. Nimemwambia paka huyo ana mkono mzuri kuliko wa kwake, aende akafundishwe naye kuandika. Hata wenzake wamemcheka. Mzika Taa ni mimi, na sasa naona ni jina zuri.

Baba peke yake hajakiangalia.

Jumatatu, 21 Julai
Jana jioni baba alikiomba kioo. Akakipeleka dirishani, akakiinamisha huku na huku. Akapitisha kidole hewani, mstari kwa mstari, bila kukigusa. Alikirudisha kwa mikono miwili.

Alfajiri lori lilipiga honi njia panda. Nilikuwa macho, blanketi hadi kidevuni. Honi ya pili. Hakuna aliyeniita. Likaondoka, nikalisikia likibadilisha gia kilimani hadi likapotea.

Baadaye baba alisimama mlangoni. Akauliza Mwalimu hufundisha asubuhi au jioni. Nikasema asubuhi. Akasema nivae shati safi.