Siku Mzee Nakuja Alipobaki Kwenye Benchi

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana za vyuma
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Yule aliyetuvusha mipaka yote tukiwa wazima. Mkeo hajambo? Mgongo wake umepata nafuu? Na wewe, macho yako uliyapeleka kwa daktari, au bado unasoma kwa kubahatisha? Kama bado, mwombe mkeo akusomee barua hii kwa sauti. Nataka isikike.

Sisi huku hatujambo. Magoti yananikumbusha umri wangu kwenye kila ngazi, lakini kichwa bado ni changu. Vumbi la karakana linaingia mpaka kwenye sukari. Dada yetu ni yuleyule: anaamka kabla ya jogoo wa jirani, kisha anamlaumu jogoo kwa kuchelewa.

Sasa habari yenyewe, nayo ni njema. Unaijua ngiri ya shemeji, mume wa dada, aliyoipata kwa kubeba mageti aliyoyachomelea mwenyewe. Daktari alimwonya kwamba utumbo ukinasa humo utamuua. Akapangiwa siku ya upasuaji, hakwenda. Akapangiwa nyingine, hakwenda. Si kwamba alikiogopa kisu. Aliogopa kufa akiwa nje ya wokovu.

Hukuishi naye sana, kwa hiyo nikueleze. Shemeji ana ulimi. Nondo ikimwangukia mguuni, au mteja akileta ubishi, tusi linamtoka kabla hajaliwahi. Na kila likitoka, yeye huamini kwamba wokovu nao umetoka. Basi Jumapili mhubiri akiita wanaotaka kuokoka wapite mbele, yeye ndiye wa kwanza kusimama. Vijana wa kanisani wamempa jina: Mzee Nakuja. Wahubiri wageni wanampenda kweli, maana huwafungulia njia. Wenyeji hucheka kichinichini, na dada hutazama viatu vyake.

"Hiyo dawa yao ya usingizi, jina lenyewe nusu kaputi," aliniambia alipokataa safari ya pili. "Nusu wanachukua wao. Hiyo nusu nyingine ikilala na tusi la jana, nani ataipokea?"

Nilicheka, kisha nikaona macho yake hayacheki.

Dada hakucheka hata kidogo. Alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini. "Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya tusi?"

"Nataka tusije tukatengana milele, mke wangu."

"Milele nitaifikia. Mimi nataka tuifikie Ijumaa!"

Hapo nilikukumbuka wewe na mabishano yetu, kama aliyeokoka aweza kupotea tena. Wewe na aya yako ya ule mkono ambao hakuna awezaye kumpora aliyemo. Mimi na yangu ya kuvumilia hata mwisho. Miaka yote hii tumetumiana aya kama watu wanaotegeana kete kwenye bao. Lakini jikoni pale hapakuwa na mchezo. Palikuwa na mtu mwenye uvimbe kinenani, na mimi, niliyekula mkate wa kusahihisha maneno ya watu kwenye kiwanda cha uchapaji.

"Shemeji, wewe ni mtu wa maneno," akaniambia. "Mtu akisema 'nimeokoka', imekwisha au bado?"

Nikamwambia alitazame neno lenyewe. Mtu akisema "nilikaa", huenda alisimama zamani na kiti kimepata mwingine. Akisema "nimekaa", mgeukie: yupo palepale. Alikaa mara moja, na hali inaendelea. Hakai upya kila akikohoa. Ila, nikaongeza kwa ajili ya upande wangu, mradi asiinuke akaenda zake.

"Na akitukana akiwa amekaa?"

"Basi ametukana akiwa amekaa," dada akadakia. "Atubu hapohapo alipo!"

Shemeji akachukua kofia yake akatoka bila kuaga. Sikujua kama limemwingia.

Jumapili iliyofuata alikuja mhubiri mgeni mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili. Mwishoni akaita. Kanisa zima likageuka kumtazama shemeji. Wa benchi letu walishasogeza magoti ili apite. Nilikuwa ubavuni pake. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, ile mikono yenye makovu ya cheche, jasho likimtiririka. Midomo yake ilikuwa inatubu, nilimsikia. Mzee wa kanisa akamwinamia: "Mzee Nakuja, leo vipi? Njia nyeupe hiyo."

"Nimekaa," akasema.

Mdogo wangu, nimeona watu wakishinda mengi, lakini ushindi wa mtu aliyebaki kwenye benchi sikuwahi kuuona. Sisi tuliohamishwa, tuliolala kwa watu na kuamka kwa watu, tunajua neno kukaa lina uzito gani. Dada aliimba wimbo wa mwisho kwa sauti iliyomfunika mhubiri na spika zake.

Najua utasema ni ule mkono uliomshika. Ulimshika, sikatai. Lakini niliviona pia vidole vyake vilivyokakamaa kwenye ubao ule. Usinitake nichague, vyote viwili nimevishuhudia siku moja, kwa mtu mmoja.

Alhamisi, siku aliyopangiwa mara ya tatu, akaenda hospitali kwa miguu yake, akaingia chumba cha upasuaji akipiga mluzi. Yote yakaenda salama. Alipozinduka, maumivu yakampanda ghafla, na likamtoka tusi ambalo siwezi kuliandika katika barua ya ndugu. Muuguzi akajiziba mdomo kwa kiganja. Dada akaganda, akingoja aagizwe kumwita mchungaji mbio.

Shemeji akafumba macho. "Baba, nisamehe," akasema. Kisha akamgeukia mkewe: "Mama, chai iko wapi?"

Dada alicheka mpaka wodi nzima ikaamka.

Nisalimie mkeo, binti yako mshonaji, na yule mjukuu asiyependa kuoga. Mungu awape usingizi mtamu na kuamka kwema, na atujalie tuonane uso kwa uso kabla hatujawa picha za ukutani.

Ni mimi nikupendaye, leo kama jana,
Kaka yako