Huko Kwenu Shwari?

Jumatatu, 6 Mei

Jirani kapiga kama kawaida. Kila Jumatatu asubuhi tunapeana habari za magonjwa — yeye ofisi ya afya ndani ya hospitali yao, ng'ambo ya mpaka, mimi huku. Hatujawahi kuonana. Tangu mdogo wangu aolewe kwao, ananiita shemeji. Eti wameshachukua mmoja, wa pili tutawapelekea lini? Hana haya huyu! Kisha akauliza, huko kwenu shwari? Nikasema shwari.

Mwongo mkubwa mimi. Majibu ya maabara yalikuwa mbele yangu, mezani. Homa ya kutokwa na damu! Mgonjwa ni wa wodi ya wanawake — ile ile aliyolazwa mama na mguu wake uliovunjika. Mkuu wetu kasema lisitoke hata neno mpaka wakubwa waamue. Mpaka ukifungwa, biashara imekufa. Nikamwuliza, na watu je? Tuwe na subira, anasema. Ndiyo maana tunamwita Bwana Subira.

Jumanne, 7 Mei

Sijalala. Mama mzima, namshukuru Mungu, yuko nyumbani ananung'unikia magongo yake. Lakini mdogo wangu! Ndiye aliyemuuguza. Kalala chini pale wodini wiki nzima, Jumamosi karudi kwa mumewe.

Nimempigia. Mzima, anapika, ananicheka — dada siku hizi unapiga simu kama mchumba. Nikamwambia akisikia homa tu aende hospitali, na watoto wakae mbali naye. Akauliza kwa nini. Basi tu, nikasema.

Basi tu! Dada gani mimi?

Alhamisi, 9 Mei

Wakubwa kimya. Wodi imefungwa, eti inapakwa rangi. Hata kopo la rangi sijaliona.

Jumamosi, 11 Mei

Ana homa.

Mumewe kapiga mchana. Wamemlaza, wanamtibu malaria. Nikamwambia awaambie madaktari watafute kitu kingine. Kitu gani, dada? Akilini nikamwona Bwana Subira, nikaona kazi yangu, dawa za mama, kodi ya nyumba. Nikasema sijui, mimi si daktari.

Nimelia mpaka mama akatoka chumbani na magongo yake kuuliza nani amekufa. Najichukia.

Jumatatu, 13 Mei

Jirani kapiga. Leo hana utani hata kidogo. Bwana Subira alikuwa amekaa mbele yangu, kaniamuru niweke spika.

Jirani anasema wana mgonjwa, mwanamke wa kwetu, kaolewa kwao. Dawa za malaria hazimsaidii. Tangu jana fizi zinatoka damu. Nesi aliyemtundikia dripu naye kaanza kuchemka. Madaktari hawajui wanapambana na nini. Akaniuliza, karibu ananibembeleza: huko kwenu kuna kitu?

Bwana Subira akatikisa kichwa. Nilipochelewa kujibu, akanyoosha mkono akakata simu yeye mwenyewe. Anakwenda kuwauliza wakubwa, anasema. Tuwe na subira. Akatoka.

Nimefunga mlango kwa ufunguo. Nikampigia Jirani kwa simu yangu, nikamwambia yote: ni homa gani, wodi gani, na kwamba nilijua tangu Jumatatu iliyopita. Bora angenitukana! Akauliza tu wavae nini, wawatenge akina nani. Nikamjibu ninayoyajua.

Halafu nikamwambia, huyo mwanamke ni mdogo wangu. Yuko hai?

Akasema nisubiri, anamwita daktari. Kaiweka simu mezani.

Naandika huku simu iko sikioni, la sivyo nitapiga kelele. Kule nasikia watu wanakimbia koridoni, kitu cha chuma kinavutwa. Huku Bwana Subira anagonga — mwanzo kwa adabu, sasa kwa ngumi. Agonge tu.

Mtu kaishika simu. Sauti ya mwanamke, imechoka, anasema yeye ndiye daktari. Anauliza kama nimekaa kitini, ndipo aniambie —