Moyo Nyekundu mu Diski ya Kilio

Papa,

Niko nakuandikia na hasira, na silombe musamaha. Tangu tulikuzika, kila mara nafungua ordinateur yako hapa ku studio yako ya video ya Bagira, nakuta fujo mupya yenye uliacha. Batu banakataza kusema marehemu vibaya. Bale batu hawakurithi menyu zako.

Maman alilomba kitu moja tu. Alitaka diski ya kilio yako, ile video ya mazishi, ikuwe tayari siku ya levée de deuil, ya kumaliza kilio, wakati familia itafika kutoka Minova na Luvungi, ili akae na bo akuone. Picha ya misa iko, ya makaburi iko, nilipiga mie mwenyewe na machozi mu macho. Kukata na kupanga, nilijua itanichokesha. Lakini menyu, ile ukurasa ya kwanza yenye mutu anachagulia sehemu ya kuangalia, nilisema ni kazi kidogo: nitakamata menyu ya ndoa moja yenye ulipiga, natosha majina ya bwana na bibi, naweka yako.

Papa, ulikuwa unachunga menyu namna gani?

Batu bote ba hii kazi banachunga kila kitu mbali: foto mbali, maandishi mbali, butoni mbali, ili kesho babadilishe. Weye unabandika yote pamoja, unachunga foto moja, unafunga, unaenda kunywa chai. Ndoa ingine ikifika, unapaka rangi juu ya majina ya zamani na kuandika ya mupya. Na ile rangi yako ilikuwa nyepesi. Unakumbuka ule bibi arusi mwenye alirudisha diski na kuuliza huyu Jeannette mwenye iko nyuma ya jina yake ni nani? Ulimujibu bila kucheka: «Maman, hiyo ni mapambo.» Akaenda. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, naziba kinywa na mikono mbili.

Sasa ule Jeannette ananisumbua mie. Kila menyu nafungua, iko yeye pale chini. Nikuandike weye juu yake, mbele ya Maman? Niliacha zote, nikaanza mupya.

Foto nayo ikanitesa. Ulipiga ndoa za huu muji wote, na hakuna mutu alifikiri kukupiga weye. Nilitafuta mpaka nikachoka, kisha nikakumbuka ile tabia yako. Mbele ya kuanza kazi, ulikuwa unageuza kamera ku uso yako na kuuliza: «Iko inakamata?» Mie nilikuwa nakata hiyo kipande kila mara na kuitupa. Nilikuta moja yenye sikutupa, ya ndoa ya mwisho kule Minova. Pua kubwa, jicho moja imefungwa, umekunja uso. Nilisimamisha picha pale pale, nikaichunga. Ni weye kabisa, na nililia mpaka nikaacha kazi ya hiyo siku.

Tena nilitaka menyu yenye kutembea. Unajua tuligombana juu ya hiyo mambo miaka yote. Mie nasema batu ba leo banataka picha ikimbie, muziki ilie. Weye unasema: «Menyu isimame. Batu batafute viti kwanza.» Safari hii hukuwa pale ya kunikatalia, basi nilitengeneza na ile kipande yako, ijirudie yenyewe. Unaingia, unauliza, unatoka. Unaingia tena, unatoka tena. Niliangalia hiyo kitu mara mbili, nikaizima. Sikutaka kukueleza, sababu utafurahi sana. Nikarudia ya kusimama, na bado nilikuwa nakasirika.

Siku ikafika. Chumba imejaa, Tonton wa Luvungi, ndugu ya Maman, amekaa mbele kabisa juu ya kujiona akisoma discours yake, ile hotuba ya mazishi. Courant ya umeme haikukatika, aksanti Mungu. Uso yako ikatokea, chini yake butoni: Misa, Makaburi, Discours. Maman akakamata telecommande, akabonyeza mara moja ya kushuka. Na ku Makaburi ikawaka moyo. Moyo nyekundu, Papa, ya ndoa.

Kumbe kuko kitu moja ulichunga vizuri, mbali, mahali pake: ile picha ndogo yenye inawaka ku butoni. Kila mara natengeneza diski, ordinateur inaiita yenyewe, na mie, mu uchovu, sikuifungua. Tonton akavua miwani. «Hii ni kilio ao ni ndoa?» Nilitamani sakafu inimeze. Nilienda kutosha diski, naapa nitaitengeneza upya hata kama ni wiki nzima.

Maman akasema: «Acha.»

Akarudisha ule moyo juu, ku Misa, karibu na kidevu yako. Hakubonyeza ya kufungua. Akaweka telecommande mu kitenge yake, akakunja mikono juu. Tonton akangoja, akakohoa, akasema: «Endelea basi, dada.» Maman akamujibu: «Ngoja kwanza. Sijakaa vizuri.» Na alikuwa amekaa, Papa, tangu zamani.

Hiyo siku hatukutoka ku menyu. Bote bakaangalia filme kesho yake, na Tonton akajiona. Lakini yeye Maman, tangu hiyo siku, courant ikirudi anaweka diski, unatokea na ile jicho yako moja, moyo unawaka, na hapo njo mwisho. Hajafungua Misa hata siku moja. Ile kazi yote nilikata na kupanga, haimuambie kitu. Anachambua majani ya sombe mbele yako, anakusemesha mambo ya jirani. Hauingie, hautoke. Uko pale mpaka courant inakatika.

Basi ulishinda. Nakasirika kuandika hiyo neno.

Lala salama, Papa yangu mwenye fujo. Nakuahidi menyu za batu bengine nitazichunga vile inafaa, kila kitu mbali, na Jeannette nitamutosha huko mwote. Ya kwako siiguse. Na kila ndoa, mbele ya kuanza, nitageuza kamera ku uso yangu na kuuliza kama iko inakamata. Hiyo kipande sitaitupa.

Binti yako,
Nsimire