Magadi Katika Damu Yangu

Jumatano, mwezi wa saba, baridi ya Mbulu ile inayoingia mpaka kwenye meno. Ukungu umeganda kwenye dirisha la wodi tangu alfajiri. Nimeketi kitandani na akili zangu zote, jambo ambalo juzi halikuwepo.

Bado nimeshtuka. Naandika ili mshtuko upate mahali pa kukaa.

Juzi, nyumbani Endagikot, mke wangu alinikuta nasinzia na sahani ya makande magotini. Vidole vilikuwa vikirukaruka vyenyewe, na pumzi ilikuja polepole, kama ya mtu anayesahau kuivuta. Jirani akatuleta hospitali kwa gari lake. Daktari akaagiza nipimwe damu ya ateri. Sindano yake huingia kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapodunda, na inauma kuliko zote nilizowahi kuchomwa. Damu hiyo ndiyo inayotoka mapafuni punde tu, kwa hiyo inaeleza jinsi mtu anavyopumua na kama mwili wake umezidiwa na asidi au na kinyume chake, yaani besi.

Jana asubuhi wanafunzi wa uuguzi walisimama kukizunguka kitanda changu pamoja na mwalimu wao, wakiwa na majibu yangu mkononi. Nilisikia kila neno. Ulimi tu ndio ulikuwa mzito.

Kijana mrefu alianza kwa kujiamini. "Kabonidayoksaidi hamsini na moja. Iko juu. Mapafu ya babu yameshindwa, awekwe kwenye mashine ya kupumulia."

Mke wangu alinishika mguu kupitia blanketi. Hakuuachia.

"Wewe umeanza kusoma barua kutoka katikati," mwalimu akamwambia, na wenzake wakacheka. "Anza na pH, kipimo cha asidi na besi."

"Saba nukta tano nne."

"Ya mtu mzima wa afya?"

"Saba nukta tatu tano mpaka saba nukta nne tano."

"Kwa hiyo ya babu imeelekea wapi?"

"Kwenye besi, mwalimu."

"Na kabonidayoksaidi ikijaa kwenye damu, inavuta kwenda wapi?"

Kijana akatazama dari. "Kwenye asidi."

"Basi umemkamata asiyehusika."

Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini sikuwahi kusikia hoja iliyonyooka namna hiyo, na ilikuwa inanihusu mimi. Wakasogea kwenye bikaboneti, ile besi iliyomo kwenye damu. Kwa kawaida huwa kati ya ishirini na mbili na ishirini na sita. Yangu ilikuwa arobaini na mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaivuta damu kwenye besi. Mapafu yalikuwa yanajaribu kuniokoa: yalipunguza pumzi makusudi ili gesi ile ibaki ndani na kurudisha asidi kidogo. Mwalimu akawaambia wazi kwamba mashine ingeharakisha pumzi yangu, gesi ingetoka, pH ingepanda zaidi, na moyo ungeweza kupoteza mapigo yake.

Kosa la kusoma mstari wa pili kabla ya wa kwanza. Ningeweza kufa kwa hilo.

Lakini bikaboneti yote hiyo ilitoka wapi? Mwalimu aliuliza kama nimekuwa nikitapika. Mke wangu akakana. Dawa ya presha, ile ya kukojoza? Ndiyo, anameza, mke wangu akajibu. Mwalimu akasema inachangia, ila peke yake haifikishi arobaini na mbili.

Msichana mmoja ambaye hakuwa amesema kitu akainama karibu na uso wangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Lilikuwa neno langu la kwanza tangu niletwe.

"Mimi ni wa Masakta, huko Hanang, babu. Kiungulia unakituliza na nini?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Magadi. Asubuhi anakoroga kwenye maji, jioni anakoroga tena. Nikisema, ananiambia eti mtu wa Mbulu kama mimi atajuaje utamu wa magadi."

Wanafunzi walicheka, na mimi ningecheka kama midomo ingenitii. Mwalimu hakucheka. Alisema magadi huingia mwilini na kuwa bikaboneti hiyo hiyo, na kwamba figo zangu za kizee, zikikaushwa na dawa ya kukojoza, zilishindwa kuitoa. Wamesimamisha dawa, wamenitundikia dripu ya chumvi, na leo vidole vimetulia.

Hapa ukweli usemwe. Kiungulia kilipona zamani.

Nilizaliwa chini ya Mlima Hanang, upande wa Ziwa Balangida, na tuliondolewa huko ardhi yetu ilipochukuliwa, nikiwa nimeoa juzi tu. Tangu hapo mpwa wangu wa Katesh hunitumia magadi ya ziwa lile. Nikiyaonja, naona weupe wa ufuko wakati wa kiangazi na nyayo za ng'ombe wa baba. Sikuwa na kitu kingine cha kwetu ambacho ningeweza kukiweka mdomoni. Na hicho ndicho kilichokuwa kinanizima pumzi, kijiko kwa kijiko, nikikisifu.

Leo mchana nilimpigia mpwa wangu nikamwambia asitume tena.

Akaniambia, "Basi, mjomba, njoo ulione ziwa lenyewe. Kutoka huko mpaka huku ni safari ya asubuhi moja tu."

Ni kweli, ni asubuhi moja. Miaka yote hii nimeliagiza ziwa lije kwangu, na kila nilipoalikwa nilikuwa na udhuru, kwa kuwa sikutaka kuona nani analima pale palipokuwa na boma letu.

Sasa halitakuja tena. Je, nikiruhusiwa kutoka hapa, nitaenda?