Jibu la Posa, Baada ya Picha Yako

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
20 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Allen,

Marahaba. Hukuniamkia kwenye ujumbe wako, ila nimejijibu ili tusipoteze muda. Habari za Ujerumani na baridi yake? Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima. Mama yako Severa anasumbuliwa na goti, mimi nasumbuliwa na mama yako.

Uliniomba, kama baba mkubwa wako, nipeleke posa kwa Mzee Aristides, babake Matilda. Ukataka kwanza waione picha yako ya mapambano, hiyo filamu uliyoitengeneza, wajue wanapata mkwe wa aina gani. Wamejua.

Tuliiangalia kwa jirani yangu Tulsidas, maana televisheni yake ni pana kama mlango. Ulisema ni picha ya familia, basi tukakaa kifamilia, Aristides na binti yake mbele.

Nianze na Mhindi wa kwenye picha yako. Anasema "mimi iko taka pesa" huku anatafuna mguu wa mbuzi. Tulsidas kazaliwa hapo Kisutu, nyama hajaionja hata kwa bahati mbaya, na Kiswahili anachonitukania kila asubuhi ni kisafi kuliko cha picha yako yote. Akanigeukia taratibu: "Ansbert, ningekuwa naongea hivyo, si ungeshakufa kwa kucheka zamani?" Mkewe Jasvanti akamwambia anyamaze, amwache Mhindi mwenzake ale.

Mtu wa pwani umemlaza barazani mwanzo hadi mwisho. Bomu limelipuka, kajigeuza ubavu. Hapa mtaani Awadhi wa Kilwa anafungua duka mimi bado natafuta suruali.

Mama wa steringi kazi yake kupiga mayowe. Matilda, anayeuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani na kufungua giaboksi kwa mikono yake, aliuliza kwa upole kama huyo mama ana maradhi.

Halafu adui mkubwa. Mchaga mwenye duka, anamuuza binti yake kwa majambazi, tena anawapunguzia bei. Wewe, mtoto wa Kichaga wa Machame, ndiye uliyeyaandika hayo. Umempa kofia ya Aristides, kikohozi chake, hata ile tabia ya kulamba kidole kabla ya kushika karatasi. Mama yako alitazama sakafu. Aristides alisubiri majina yote ya mwisho wa picha yapite, akauliza, "Huyu kijana si alikuwa anakula kwangu?"

Na steringi anayetuokoa wote katoka Ulaya, na ni wewe. Mafuta waliyokupaka usoni, nilidhani umeopolewa kikaangoni.

Hata hivyo Jumamosi nilivaa koti, nikabeba mbege hadi kwa Aristides. Unajua kwetu, mwenye binti akiinywa pombe ya waposaji, amekubali. Nikakuta watu wameshakaa: wazee wa Filbert, yule kijana wa mabati, na mbege yao. Matilda mwenyewe ndiye aliyemkabidhi baba yake kata ya mbege hiyo, bila kuona haya hata kidogo. Aristides akanywa, akafuta midomo, akanisogezea mimi. "Karibu, mzee mwenzangu, usisimame kama mgeni."

Nikanywa, mwanangu. Ilikuwa tamu kuliko yetu. Sasa nimo kwenye kamati ya harusi ya Filbert. Wanatafuta mtu wa kurekodi video. Nimewaambia sina ninayemjua.

Dada yako Evelyn anakusalimu, na mama yako pia, akishaacha kulia. Mungu akutunze, akupe mke huko huko, asiyejua Kiswahili.

Wako akupendaye hata hivyo,
Baba mkubwa Ansbert